Neno Linalofuata Moto

14 Januari 1957

Tak.

Nimerudi kutoka Iringa jana, na katika yote niliyoyasikia huko, sauti hii ndiyo haijanitoka. Ni kibao cha mashine ya picha kinapogonga ukingoni, kioo kipya kikiwa kimefika mbele ya taa. Kwanza tak, halafu panawaka neno. Niliisikia njia nzima ndani ya lori, kila gurudumu lilipoingia shimoni.

Bwana Edmund Kalinga, aliyetufundisha kuitumia, hakuruhusu mtu kuigusa kabla hajamrudishia maneno yake: mashine haina akili, itaonyesha ulichoweka, siyo ulichokusudia. Ukiweka upuuzi, itautangaza kwa mwanga mkubwa. Neno unaliandika juu ya kioo kwa wino mweusi, unaacha likauke, unapachika kioo kichwa chini, na jicho la mashine linakigeuza ili neno lisimame. Niliyashika haya upesi kuliko walimu wanaume, na nilijua kwamba Bwana Edmund ameona.

Mashine tumeazimwa tu. Baada ya Pasaka atapanda huku milimani, kusini ya Mbeya, kuwapima wanawake ninaowafundisha kusoma. Wakisoma, mashine itabaki na darasa litaendelea. Wasiposoma, mashine itakwenda kwingine na chumba chetu kitarudi kuwa ghala la mahindi ya misheni. Mwalimu Mkuu Ezekia ndiye aliyewaomba wazee wa kanisa chumba hicho. Alikiomba kwa muda mrefu, na wapo wazee ambao bado wanayataka mahindi yao.

19 Januari

Darasa la kwanza na mashine. Wanawake wameshona shuka la amerikani, kila mmoja kwa kipande chake, hivyo mahali petu pa mwanga pana mishono kama makovu. Saa tisa mchana tuliziba madirisha kwa mablanketi. Karabai ikawashwa ndani ya mashine, nikasukuma kibao.

Maneno nimepewa Iringa, yale ya kumfaa mtu nyumbani mwake. MAMA. MTOTO. NYUMBA. MAJI. MOTO. SUMU. CHUMVI. Na mengine yanayofuata. Mimi nasema, wao wanaitikia, kama mwinjilisti anavyowatupia mstari wa wimbo kanisani nao wakaudaka. Wanadaka vizuri sana. Hawa ni watu wanaoimba zaburi nzima bila kitabu, na Kiswahili chenyewe wengi wao wamekijulia kanisani.

Mmoja tu ananichosha, bibi mjane aitwaye Atuganile, anayekaa karibu na mlango. Wenzake wakisha kuitikia, yeye ndiyo kwanza anafungua mdomo. Nilipomwomba akazane, alisema, "Mwanangu, maneno yako yanakimbia kama mbuzi walioingia shamba la mtu." Chumba kizima kilicheka. Mimi pia nilicheka, lakini sikupenda.

22 Januari

Mvua.

2 Februari

Sasa sisemi kitu. Nasukuma kibao, tak, nao wanajibu wenyewe kwa sauti moja. Leo nilisimama gizani nyuma ya mashine na mwili ukanisisimka. Kwetu ni Kilolo. Kinyakyusa changu bado ni cha kuombea maji tu, na tangu nifike hapa nimeishi kama mtu anayesikiliza nyumba kutoka nje ya mlango. Lakini ndani ya chumba kile, sauti yao inanijibu mimi.

Anayeongoza ni Lea, mke wa Gideoni mwenye kahawa kule ng'ambo ya mto. Huja na mwanawe Anania mgongoni. Neno halijatulia kwenye shuka, Lea amekwisha kulitaja.

9 Februari

Mvua. Karabai ilivuta moshi, tukakatiza.

16 Februari

Jambo la kuchekesha. Kwa haraka nilipachika vioo bila kuvigeuza, na maneno yakatokea miguu juu. Nilikuwa nimeinama narekebisha karabai, sikuona. Wao waliyasoma yote, moja baada ya jingine, bila kukwama. Nilipoinua macho na kuona NYUMBA imesimama kwa paa, niliwaambia, tukacheka wote. Atuganile peke yake alikuwa ameinamisha shingo upande kama kuku anayetazama mwewe, hakuitikia hata moja. Maskini yule bibi.

Mwalimu Ezekia aliposikia alisema hiyo ni dalili njema: wamekomaa hata wanasoma kinyume.

23 Februari

Nimempelekea Bwana Edmund habari kwamba wanawake wangu wanasoma. Niliandika "wanasoma", kisha nikaongeza "bila kusita".

5 Machi

Mvua usiku na mchana. Mto umejaa, nusu ya darasa hawakuvuka. Waliovuka walisoma sawasawa.

13 Machi

Nitaandika polepole.

Asubuhi, nikiwa na watoto wa darasa la tatu, Gideoni alikuja mbio mvuani hadi mlangoni pa darasa. Hakunisalimu. Alisema mtoto wao amekunywa dawa ya kahawa, Lea anamkimbiza hospitali ya misheni, na mimi nimfuate kwa sababu najua kusema na nesi. Niliwaacha watoto na Mwalimu Ezekia nikakimbia naye. Njiani nilipata kisa chote kwa vipande.

Anania alikuwa na kikohozi. Hospitali ilimpa dawa kwenye chupa, na Lea akaiweka darini. Wiki hii bwana shamba aligawa dawa ya kunyunyizia kahawa. Gideoni akatia yake katika chupa ya namna ile ile, naye bwana shamba, mtu mwangalifu, akabandika karatasi na kuandika kwa herufi kubwa: SUMU. Gideoni aliiweka darini pia. Hakuona haja ya kumwambia mke wake. Kwa nini amwambie? Mke wake anasoma. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo, mlangoni pa kanisa, mbele ya watu, naye akatabasamu kwa fahari.

Lea alichukua chupa ya mbele.

Tulimkuta ukumbini mwa hospitali, kanga zake zikichuruzika maji, mikono mitupu. Mtoto alikuwa ndani. Alikuwa ametema nyingi, alisema nesi, na mama alimtapisha upesi aliposikia harufu, basi tungoje. Tuliketi kwenye benchi. Mvua ilipiga mabati hata usisikie mtu wa kando yako.

Ilipopungua, Gideoni aliuliza bila kupandisha sauti, akitazama sakafu. "Mwalimu, si ulisema huyu anasoma?"

Nilimgeukia Lea. Nilitaka aseme kulikuwa na giza, au karatasi ililowa. Chupa ilikuwa bado mfukoni mwa koti la Gideoni. Niliitoa, nikamshikia Lea machoni, karatasi kavu, herufi safi, nikamuuliza hapa pameandikwa nini. Aliitazama kwa bidii. Alinitazama mimi. Nikamwambia ni SUMU, neno analolisoma kila wiki, tena analitaja kabla ya wote.

"SUMU inakuja baada ya MOTO," alisema Lea. "Kwenye chupa ilikuwa peke yake, Mwalimu. Ningeijuaje?"

14 Machi

Anania yu hai. Amekunywa maziwa. Nesi anasema atabaki siku kadhaa.

Sikulala. SUMU inakuja baada ya MOTO. Ni kweli, ndivyo nilivyovipanga vioo tangu Januari, na sikuwahi kuvipangua hata mara moja. Nimekuwa nikiwafundisha wimbo. Hata herufi hawakuzihitaji. Walikuwa wakijibu tak.

16 Machi

Kabla ya darasa nilivichanganya vioo. Sikuwaambia.

Tak. "MAMA," walisema wote. Kwenye shuka palikuwa na MAJI.

Tak. "MTOTO." Palikuwa na CHUMVI.

Niliendelea. Nilitaka kuona wapi wataona. Walikwenda na wimbo wao hadi mwisho, sauti nzuri, zimepangika, na kwenye shuka yakipita maneno mengine kabisa. Nilihisi kama nimesimama katika nyumba inayoungua na watu wanaimba.

Halafu, walipokwisha, kutoka mlangoni Atuganile akasema kwa wasiwasi, "Nyumba?" Wenzake walicheka. Bibi amechelewa tena, tena amepotea. Nilitazama shuka. Kioo cha mwisho kilikuwa NYUMBA.

Nilimwomba aje mbele, nikamuuliza amejuaje. Aliona haya. Alisema yeye hana sauti ya kuimba kama wenzake, kwa hiyo hutazama, na ile herufi yenye mkia, ya pili kutoka mwanzo, aliyoionyesha kwa kidole, huwa anaipata pia katika NYANYA na NYOKA. Wakati anatazama, wenzake wanakuwa wamekwisha kupita. "Nikadhani ndiyo ujinga wangu," alisema.

Na mimi nilidhani hivyo hivyo, mama. Sikumwambia. Nilipaswa kumwambia.

18 Machi

Nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu nikamweleza yote. Ezekia si mtu mbaya. Amefundisha huku tangu kabla sijazaliwa, na binti zake wote aliwapeleka shule watu walipomcheka. Alisikiliza hadi mwisho, akachochea moto, akaniuliza polepole ninataka kufanya nini. Nilisema nitaanza upya. Akauliza kama hadi Pasaka watakuwa wamejua. Nilisema wachache, labda.

Basi akanionyesha njia yake, na sikupata kosa ndani yake. Bwana Edmund hajui mpangilio wetu. Atakaa, atasikia darasa zima likisoma, ataandika, ataondoka. Mashine itabaki. Kisha nitakuwa na msimu baada ya msimu wa kufundisha ipasavyo. "Ukimwonyesha ukweli sasa," alisema, "wazee wataleta magunia yao siku ile ile. Hao wanawake hawatapata mwaka mwingine, binti yangu. Mimi sitaishi kukiomba chumba kile mara ya pili."

Nilisema nitafikiri.

30 Machi

Kila darasa nachanganya vioo. Hawaimbi tena. Kibao kikigonga, wanashtuka. Wengine wameacha kuja, mmoja amesema kichwa kinamuuma tangu sinema, ndivyo wanavyoiita mashine, iharibike. Lea hajarudi tangu ile siku. Nimekwenda kwake mara mbili. Mara zote mbili nimeambiwa yuko shambani, na mara ya pili niliona mguu wake nyuma ya mlango.

Nafundisha herufi kwa mkaa ubaoni, halafu mashine. Taratibu mno. Atuganile amekaa mbele sasa. Ananiuliza maswali hadi nachoka, na nampenda.

6 Aprili

Mvua.

7 Aprili

Mvua. Nimewaza maneno ya Ezekia siku nzima na bado sikupata kosa.

17 Aprili

Habari zimekuja na lori la posta: Bwana Edmund atakuwa hapa tarehe ishirini na tano. Ezekia alinisimamisha nje ya kanisa akaniuliza nimeamua nini. Nilimwambia nitavirudisha vioo katika mpangilio wa zamani. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema Mungu anaijua mioyo.

Nilipowaambia wanawake, niliona mabega yao yakishuka kwa raha. Tulipitia mara moja tu. MAMA, MTOTO, NYUMBA. Hawajasahau hata neno. Sauti ilijaa chumba, nzuri kama siku ile ya Februari, na sikuweza kuisikiliza. Atuganile alifunga macho akaimba pamoja nao. Kwa mara ya kwanza hakuchelewa.

21 Aprili, Pasaka

Kanisa lilijaa. Baada ya ibada Lea alinisubiri kando ya kisima, Anania mgongoni. Amepona ila amekonda. Nilimsalimu, "Ugonile," akaitikia bila kuniangalia usoni. Alisema amesikia darasa limekuwa kama zamani na kwamba litashinda. Nikasema ndiyo, arudi, sauti yake inahitajika.

Alitikisa kichwa. Alisema hataki sinema. Alitaka nimwandikie lile neno moja kwa mkaa, juu ya mlango wake, peke yake bila jingine mbele yake, awe analitazama anapoingia na anapotoka mpaka alijue hata likimjia njiani. Nilimwambia nitakuja kesho.

Niliandika leo leo. SUMU, juu ya mlango wa nyumba ya watu wanaoishi ndani. Jirani alipita akauliza kulikoni, na Lea akamjibu kwamba mtu anaandika anachokiogopa.

24 Aprili

Bwana Edmund atafika kesho saa nne.

Mchana nilikaa chumbani peke yangu, sanduku la vioo mapajani, vimepangwa: MAMA mbele, MTOTO nyuma yake. Nilijiambia nitaamua kesho nikiwa nimesimama nyuma ya mashine. Hapo ndipo nilipojitambua. Nyuma ya mashine kuna giza, na mwanga wote unawaangukia wao. Gizani ningesukuma kibao katika mpangilio wa zamani, na sauti yao ingenijibu, na ningeipenda.

Niliteka maji, nikachukua sabuni na majivu, nikavisugua vioo vyote. Wino ulitoka mweusi, kisha wa kijivu, kisha maji yakawa safi. Nimeviegemeza dirishani. Vinaonyesha mvua.

25 Aprili

Bwana Edmund alifika kwa Landrova, matope hadi kwenye madirisha. Wazee wawili wa kanisa walikuja pia wakakaa nyuma. Ezekia aliniona nikiwa nimeshika vioo vitupu. Aliyaelewa yote kabla sijafungua mdomo, akaketi kama mtu aliyepunguziwa mifupa.

Nilimpa Bwana Edmund kalamu na wino nikamwomba ayaandike maneno yeye mwenyewe, yoyote anayoyataka, nasi tungoje yakauke. Kisha akaandika, akinipa mgongo, na akaviingiza mwenyewe.

Tak.

Hakuna aliyejibu.

Tangu nirudi kutoka Iringa sijapata kusikia kimya kikifuata sauti ile. Kwenye shuka palikuwa na KUNI. Nilisikia watu wakipumua. Mzee mmoja alikohoa kwa makusudi. Nilitaka kusema neno hilo mimi, ulimi ulikuwa umekwisha kupanda.

"Ku," alisema Atuganile. Akangoja. "Kuni hiyo. Nina uhakika, maana ndiyo niliyobeba asubuhi."

Hakuna aliyecheka.

Yaliyofuata yalikuwa magumu. Mama mmoja kijana alisoma MVUA kwa kunong'ona. Neno moja halikusomwa na mtu yeyote, Bwana Edmund akalipitisha. Wengi hawakusema lolote, na nyuso zao kwenye mwanga ule sitazisahau. Kisha likaja SUMU; lilikuwa kwenye orodha yake ya Iringa. Likawaka juu ya mishono ya shuka. Nyuma ya wazee, kutoka mlangoni, mtu aliyekuwa amesimama nje na mtoto mgongoni alilitaja mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama unavyomtaja mtu unayeishi naye.

Bwana Edmund hakunikemea. Aliniita kando akasema hawa hawasomi, na kwamba mimi nilimwandikia wanasoma. Nikasema ndiyo. Akasema mashine itarudi Iringa kesho kutwa, na kwamba anahitaji mtu wa kuizungusha vijijini, Kilolo hadi Ruaha. Hajapata bado mwalimu aliyemwachia kalamu. Nafasi ni yangu nikiitaka. Kwetu Kilolo! Nilisema nitamjibu.

Ezekia alipita karibu nami akatoka nje. Wazee walikuwa wamekwisha kupima chumba kwa hatua.

26 Aprili

Magunia yameanza kuingia. Nilikwenda kwa Ezekia kumwomba radhi. Alikuwa akinoa jembe. Alisema hanidai radhi, ila ninyamaze kwanza, asikie mvua. Tulikaa hivyo. Mwishowe alisema, "Yule Atuganile. Nimemwona kila Jumapili kwa miaka mingi nikadhani ni kiziwi." Tulicheka kidogo, kisha tukaacha.

27 Aprili

Leo hakuna mvua. Lori lilikuja kuchukua mashine. Niliifunga mwenyewe kwa blanketi, nikaweka vioo kati ya majani makavu visivunjike, nikampa dereva maelekezo: isilazwe kwa ubavu, isilowe. Karani wa Bwana Edmund alikuwa amenibakizia kiti mbele. Aliuliza sanduku langu liko wapi.

Shuka si la watu wa Iringa. Ni la hawa waliolishona, kwa hiyo halikuingia kwenye lori. Jana jioni Gideoni alitia vigingi kwenye ukuta wa banda lake la kahawa, ule usiopigwa na mvua, na leo kabla jua halijapanda mimi na Lea tulilitundika pale, tukaandika juu yake kwa mkaa. Wanawake wamekubaliana kulifua mtoni kwa zamu kila maneno yakichakaa.

Nilimwambia karani kwamba sanduku langu liko chumbani kwangu, na nguo zimo kabatini. Lori limekwisha kupita kona ya kanisa. Mkaa bado uko chini ya kucha zangu.